Kina cha Maji

Bwana Taher alinisomea namba zangu mwenyewe kana kwamba ni zawadi ameniletea.

Tulikuwa katika ofisi ya mtendaji wa kijiji cha Inyeha, nusu saa kwa pikipiki kutoka Uyole kama mvua haijanyesha. Ilikuwa Jumanne, katikati ya Oktoba. Bwana Taher ana duka la vifaa vya ujenzi Mbeya mjini na shamba la parachichi juu ya kijiji chetu, na alikuwa amekuja kiutaratibu, barua mkononi, kutujulisha kwamba ameomba kibali cha kuchimba kisima kirefu. Ni mtu mstaarabu. Alisoma polepole, kama anayewasomea wanafunzi imla.

"Takwimu za kisima cha uangalizi cha Inyeha zinaonyesha kwamba kina cha maji kimeongezeka kutoka mita kumi na moja mwaka 2019 hadi mita kumi na tisa mwaka huu. Kwa hiyo hali ya maji chini ya ardhi ni nzuri, na ofisi ya bonde haioni sababu ya kukataa maombi."

Akaikunja barua. "Hongereni sana," akasema.

Nilimwomba aisome tena. Akaisoma tena. Haikubadilika.

"Bwana Taher," nikamwambia, "hizo namba nimeziandika mimi."

"Najua, Mwalimu. Jina lako lipo hapa chini."

"Basi nisikilize mimi. Maji hayajaongezeka. Yameshuka. Mita kumi na tisa ni umbali kutoka mdomo wa bomba mpaka unapoyakuta maji. Mwaka 2019 tuliyakuta mita kumi na moja. Leo tunayakuta kumi na tisa. Yanatukimbia."

Bwana Taher alinitazama, akaitazama barua, akanitazama tena. Mtendaji alikuwa anatafuta kitu kwenye droo.

Nieleze jambo hili vizuri, maana nimelieleza mara nyingi kwa watu wasiotaka kusikia na nimechoka kulieleza vibaya. Mimi ni Blandina. Nimefundisha hisabati shule ya msingi miaka thelathini na moja, nikastaafu, wakanichagua katibu wa jumuiya ya watumia maji. Serikali ilitoboa kisima pale karibu na ghala la mahindi, bomba jembamba lenye kifuniko na kufuli. Si kisima cha kuchota. Ni cha kupimia tu. Watu wanakiita bomba bubu, kwa kuwa tangu kizaliwe hakijatoa hata tone. Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi nafungua kufuli, nateremsha futikamba ndefu yenye kengele mwishoni, ikigusa maji inalia, nasoma namba, naandika.

Naandika kwenye fomu. Ililetwa na afisa mmoja kutoka Iringa, ziliko ofisi za bonde zinazotoa vibali vya maji, akanifundisha asubuhi moja, akaondoka. Siku hizi wanasema yuko Singida. Safu ya fomu ile ilikuwa na kichwa kilichochapishwa: "Kina cha maji (m)". Nikaijaza hivyo miezi sabini na kitu. Mtendaji anagonga muhuri, wilaya inagonga muhuri, Iringa wanapokea. Katika mihuri yote hiyo hakuna mtu hata mmoja aliyeuliza kina hicho ni cha kutoka wapi kwenda wapi.

"Mwalimu," Bwana Taher akasema, "mimi nafuata sheria. Ofisi imeniandikia maji yapo, wewe unaniambia yanakwisha. Nifanyeje? Niletee barua nyingine, ya muhuri, nami nasimamisha siku hiyohiyo. Mimi mwenyewe sitaki kuchimba shimo la vumbi. Lakini siwezi kusimama kwa neno la mdomo. Muda wa pingamizi unaisha Jumatatu, na Jumatatu hiyohiyo mashine inapanda kutoka Makambako."

Alipoondoka nikamgeukia mtendaji. Anaitwa Kalinga, Mhehe, kijana wa shati lililopigwa pasi hadi kwenye mikono. Ukutani juu ya kichwa chake kilining'inia cheti chenye fremu ya dhahabu: Inyeha, kijiji kinara wa utunzaji wa vyanzo vya maji. Tulipewa mwaka juzi kwa sherehe na ngoma. Siku ile nilidhani tumepewa kwa ajili ya miti tuliyopanda kwenye chanzo. Sasa nikaelewa tumepewa kwa nini.

"Umesikia?" nikamuuliza.

"Nimesikia, Mwalimu. Ila na wewe uelewe. Hiyo cheti tulipewa mbele ya wageni."

"Tulipewa kwa sababu maji yanashuka na wao wanadhani yanapanda."

"Sasa tukiandika hivyo si tutaonekana tulidanganya?"

"Hatukudanganya. Namba ni sahihi."

"Kama namba ni sahihi," Kalinga akasema kwa upole kabisa, "tunasahihisha nini?"

Nilitamani kukitoa kile cheti ukutani na kumpiga nacho.

Akanieleza utaratibu. Barua ya kijiji inapitia kwa mtendaji wa kata. Mtendaji wa kata alikuwa semina Tukuyu mpaka Ijumaa. Kutoka kata inakwenda wilayani, na kutoka wilayani ndipo inakwenda Iringa. Nikamwambia ikifika kwa njia hiyo mashine itakuwa imeshachimba, imeshafungashwa na imesharudi Makambako. Akasema ndiyo, inawezekana.

Nikapiga simu Iringa mwenyewe. Ikapokewa na sauti ya binti mwenye adabu.

"Mama, unataka kubadilisha namba?"

"Sitaki kubadilisha namba. Nataka kubadilisha neno."

"Kwenye mfumo hakuna sehemu ya kubadilisha neno, mama. Namba ziko sawa?"

"Ziko sawa."

"Sasa tatizo liko wapi, mama?"

Nikakata simu. Nilikuwa nimesimama nje ya ofisi juani, na nina shinikizo la damu.

Niliporudi nyumbani nilimkuta jirani yangu Severina uani kwangu na ndoo mbili. Kisima chake kilikauka Septemba. Walikichimba zaidi mara mbili, mume wake akishushwa kwa kamba, wakapata udongo wenye unyevu na basi. Changu kilikuwa kimebakiwa na maji ya kimo cha mkono mpaka kwenye kiwiko, machafu, na tulikuwa tunachota kwa zamu, mimi asubuhi, yeye jioni. Pampu ya zahanati nayo ilikuwa inatoa hewa kuliko maji. Juu yetu tayari kuna mashamba mawili yenye visima virefu. Kikija cha tatu, sisi wa ubavuni mwa mlima tuhame.

"Mwalimu, wewe si unapimaga kila mwezi," Severina akasema. "Hii maji itarudi kweli?"

"Ngoja niende Iringa," nikamjibu.

"Haya. Ndaga, Mwalimu," akanishukuru. "Sisi tunakutegemea wewe."

Alhamisi mchana nilikuwa Kihesa, mjini Iringa, kwa mdogo wangu Faustina, aliyeolewa huko na sasa anaitikia "kamwene" kama amezaliwa Mhehe. Nikamkuta anamenya viazi. Nikaketi kwenye kigoda na kumwaga yote: barua, cheti, semina ya Tukuyu, binti wa simu. Nilitarajia anionee huruma.

"Lakini dada," Faustina akasema bila kuacha kumenya, "kina cha maji si maji yenyewe yalivyo marefu kwenda chini? Wakisema Mtera kina chake mita kumi, mtu asiyejua kuogelea haingii. Kina kikiongezeka, maji yameongezeka."

"Hilo ni bwawa. Mimi nazungumzia kisima."

"Wao Iringa hapa watajuaje wewe unazungumzia nini? Umeandika kina cha maji. Hata mimi ningesema mna maji mengi."

Nikamkasirikia Faustina. Kisha nikaikasirikia fomu, na yule bwana wa Singida. Nilipowamaliza wote hao nikabaki na mtu mmoja wa kumkasirikia, naye alikuwa ameketi kwenye kigoda. Miaka thelathini na moja nilikuwa nachora mstari mwekundu kwenye daftari la mtoto aliyeandika "mita 5" bila kusema mita tano za nini. Nilikuwa nawarudisha kwenye dawati wakilia. Halafu nikaletewa safu yenye neno lenye sura mbili, nikaijaza miaka sita kwa mwandiko mzuri.

Ijumaa saa mbili asubuhi nilikuwa wa kwanza mlangoni pa ofisi ya bonde. Binti wa simu anaitwa Taslim. Familia yake ni ya maduka ya zamani ya Iringa mjini, lakini yeye alisomea mambo ya maji chuoni na ndiye anayetunza takwimu za visima vyote vya uangalizi vya ofisi ile. Aliposikia sauti yangu akanitambua.

"Shikamoo, mama. Wewe ndiye wa neno."

"Marahaba. Ndiye mimi."

Akanionyesha kwenye kompyuta. Inyeha ilikuwa na mstari wa kijani unaopanda kutoka kushoto kwenda kulia, mwaka hadi mwaka, mzuri kabisa. Chini yake wameandika: hali nzuri. Miaka sita ya ukame wetu ilikuwa imechorwa pale kama maendeleo.

Sikubishana. Nilishajifunza kwa Kalinga kwamba maneno hayafiki. Nikamwomba glasi ya maji na rula. Akaleta, akidhani nataka kunywa dawa. Nikaisimamisha rula ndani ya glasi, sifuri ikiwa kwenye ukingo, namba zikielekea chini.

"Soma mahali maji yalipo."

"Sentimita mbili."

Nikanywa mafunda kadhaa. Nikarudisha rula.

"Soma tena."

"Sita."

"Namba imepanda?"

"Imepanda."

"Na maji?"

Taslim aliitazama glasi, akaugeukia ule mstari wa kijani, akafunika mdomo kwa kiganja. Nilimwona akielewa. Nakiri ilikuwa mara ya kwanza wiki ile nilipojisikia vizuri.

"Mama," akasema baadaye, "fomu hii vinayo vijiji vingine kumi na vinne."

"Nao wanapima kutoka wapi?"

"Sijui. Sikuwahi kuuliza. Naona kichwa cha safu, naingiza namba. Labda wengine wanapima hivi, wengine vile. Na mimi nimeziweka zote kwenye ramani moja."

Alikwenda mwenyewe kumwita mkuu wake, Bwana Liberatus, mtu mzima mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi shingoni. Taslim akarudia somo la glasi, vizuri kuliko mimi. Bwana Liberatus alilielewa kabla hajamaliza. Hakuwa mjinga, na hilo ndilo lililonichosha zaidi, kwa kuwa mjinga ningeweza kumfundisha.

"Kibali kinaweza kusimamishwa leo," akasema. "Lakini lazima takwimu zirekebishwe rasmi. Kuna Tamko la Marekebisho."

Akaniletea karatasi moja. Ilikuwa na mahali pa jina, mahali pa kijiji, kisha sehemu ya sababu ya marekebisho, yenye visanduku viwili. Cha kwanza: kosa la kifaa. Cha pili: kosa la msomaji. Msomaji maana yake mimi, ninayesoma kipimo.

"Kosa la ofisi liko wapi?" nikauliza.

"Fomu imechapishwa hivyo, mama."

"Futikamba yangu haina kosa. Nami nimesoma sawasawa."

"Najua."

"Bosi, kosa ni la kichwa cha safu yetu," Taslim akasema.

"Najua, Taslim. Andika dokezo nilipeleke Dodoma, fomu ibadilishwe. Miezi mitatu, minne. Mashine inapanda lini?"

"Jumatatu," nikasema.

Basi akanieleza, kwa utulivu, kama daktari. Nikiweka alama kwenye kosa la kifaa, takwimu zote za Inyeha zinatupwa, kisima kinahesabika hakina kumbukumbu, na mahali pasipo na kumbukumbu hapana pingamizi, kwa hiyo kibali kinatoka. Nikiweka alama kwenye kosa la msomaji, namba zinabaki, zinageuzwa tu zisomeke kwenda chini, mstari unashuka, kibali kinasimama leo hii. Ila mwongozo unasema msomaji aliyekosea anaondolewa, na kijiji kinaarifiwa kwa barua.

"Nikishaweka alama naweza kuwaeleza watu wangu ukweli?"

Bwana Liberatus alivua miwani. "Tamko ni lako. Ukilikana hadharani limefutika, namba zinarudi zilivyokuwa, na mwombaji ana haki ya kudai kibali chake. Angalau mpaka Dodoma wajibu." Kisha akasema, na naamini alimaanisha, "Nakuomba radhi, mama."

"Niombe kwa maandishi."

Akatabasamu kidogo, akaitazama saa yake. Hakuandika kitu.

Nilikaa na kalamu muda mrefu. Taslim alikuwa amegeukia dirishani. Nilijiambia ni kisanduku tu. Nikajikumbusha pampu ya zahanati, Severina na zamu yake ya jioni, mume wake akishushwa kwa kamba kwenye shimo. Niliwaza pia jambo dogo la aibu: kwamba katika maisha yangu yote watu wamebishana nami juu ya mengi, juu ya ukali wangu, juu ya ulimi wangu, lakini hakuna aliyewahi kusema Blandina amekosea hesabu. Hiyo ndiyo mali niliyostaafu nayo. Nikaweka alama kwenye kisanduku cha pili, nikaandika chini yake kwa mwandiko wangu: natamka kwamba nilikosea kusoma kipimo. Iliniuma, na sitaki kuipamba.

Jumamosi nilikuwa dukani kwa Bwana Taher na barua ya muhuri. Aliisoma mara mbili, akapiga simu Makambako mbele yangu na kuisimamisha mashine. Alitimiza neno lake. Aliponisindikiza mlangoni akasema, "Pole, Mwalimu. Kila mtu anakosea." Nilimshukuru.

Mkutano wa kijiji uliitishwa Jumatano kwenye ghala la mahindi. Barua ya Iringa ilikuwa imefika kwa siku tatu, kwa njia ileile ambayo barua yetu isingefika kwa mwezi. Kalinga aliisoma akiwa amesimama, kwa sauti ya redio. Kwamba kibali cha kisima kipya kimesimamishwa. Watu wakapiga makofi. Kwamba kina cha maji cha Inyeha kimekuwa kikishuka kwa miaka sita, na mashamba mawili ya juu yatapangiwa kiasi cha kuvuta, kwa kushirikiana na jumuiya ya kijiji. Makofi zaidi. Kwamba hali hiyo haikujulikana mapema kutokana na makosa ya msomaji wa kijiji, ambaye kuanzia leo ameondolewa. Na kwamba cheti kirudishwe.

Makofi yaliisha. Wengine waliuliza habari za cheti kwanza, kwa nini kirudi, nani alikilipia fremu. Kalinga aliwajibu bila kunitazama. Angeweza kusema neno. Alikuwepo siku ile Bwana Taher aliposoma, alinisikia kwa masikio yake. Aliikunja barua ikawa ndogo, kisha ndogo zaidi.

Severina akasimama. Alikuwa kwenye benchi la pili, nami la kwanza, kwa hiyo alisema na kisogo changu.

"Mimi naomba kuuliza. Hii kisima yangu ilikauka mwezi wa tisa. Ina maana Mwalimu alikuwa anaandika maji ipo?"

Kalinga akasema hilo ajibu mwenyewe.

Nilikuwa nimejiandaa. Katika mkoba wangu kulikuwa na glasi, iliyoviringishwa kwenye kanga, na rula. Nimeshindwa mpaka leo kujieleza kwa nini nilikuja navyo, wakati nilijua sitavitoa. Nilisimama na kuwageukia. Karibu nusu ya watu wa ghala lile nimewafundisha mimi. Wengine nimewafundisha na watoto wao. Aroni, aliyependekezwa kushika nafasi yangu, nilimrudisha darasa la tano mara mbili kwa ajili ya desimali.

"Ndiyo," nikasema. "Nilikosea."

Ghala zima lilipumua. Niliona nyuso zikilegea, na hicho ndicho kilichonikera kuliko fomu, kuliko cheti, kuliko Iringa yote: waliridhika. Kwa miaka walikuwa hawajui wamlaumu nani kwa maji, na sasa wamepata mtu, tena wa karibu, tena aliyewahi kuwachapa.

Kalinga akaniomba ufunguo wa kufuli nimkabidhi Aroni. Nikautoa kwenye leso. Aroni aliupokea kwa mikono miwili, kwa heshima, akiona haya kuliko mimi.

Severina alikuwa bado amesimama. Hakupaza sauti.

"Na ndiye aliyewafundisha watoto wetu hesabu," akasema, na hakuna aliyecheka.